Gando: Kaburi la Karibu na Kaburi la Mbali

Ndugu msomaji, ukijaaliwa kufika Pemba usiishie Wete mjini. Shika njia iendayo Gando, upite vilima vidogo vya mikarafuu, minazi na mihogo, hata ufike pale nchi kavu inapokutana na mikoko, na ng'ambo ya maji ukione kisiwa cha Fundo.

Makaburi ya huko hutayatambua upesi. Mengi ni tuta la udongo tu, chini ya miti, lenye jiwe kichwani na jingine miguuni. Wakubwa wa kale wa kisiwa hiki walijengewa makaburi ya nguzo, ambayo magofu yake yangaliko Ras Mkumbuu. Mkulima na mvuvi hakuachiwa nguzo. Aliachiwa watoto wenye majembe.

Na majembe hayo yana kazi. Mvua za masika zikishapita, majani hulifunika tuta, na udongo hudidimia pale viunza vilivyomfunika maiti vinapooza. Basi jamaa hukusanyika, hasa mwezi wa Shaabani, kabla ya kuingia Ramadhani. Vijana hufyeka na kurudishia udongo. Wazee huonyesha nani amelala wapi, kwa kuwa makaburi mengi hayana maandishi. Kisha husomwa Yasini na kuombewa waliotangulia. Mtoto anayeng'oa majani leo ndiye atakayemwonyesha mwanawe kaburi la babu. Kazi hiyo ikiachwa miaka mitatu minne, mzee mmoja akafa katikati yake, kaburi limekwisha kuwa kichaka, na hapana wa kuulizwa.

Lakini si kila marehemu wa ukoo hulala hapo. Wako waliochukuliwa na bahari, nao hawana kaburi kabisa. Wako pia walioondoka wamevaa sare za jeshi.

Majeshi ya nduli Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, walioitwa kuyatimua walitoka Bara na Visiwani. Wengi wa waliokufa katika vita vile wamelazwa Kaboya, Wilaya ya Muleba, penye makaburi zaidi ya 600 yaliyopangwa safu kwa safu. Wenzao waliofia Msumbiji wako Naliendele, karibu na mji wa Mtwara. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka kwa gwaride na mashada ya maua, na ni haki yao.

Hata hivyo, hebu fanya hesabu ya mzazi wa Pemba. Kwanza meli hadi Dar es Salaam. Kisha basi, zaidi ya kilomita 1,000, mpaka Kagera. Nauli ya kwenda na ya kurudi. Chakula cha njiani. Na shamba limebaki peke yake. Ni wangapi walioweza safari hiyo hata mara moja? Kaburi ni safi, lakini mkono uliolisafisha si wa nduguye.

Baadaye mambo yalibadilika. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, na askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Safari hii miili ilirudishwa kwa ndege, ikaagwa Dar es Salaam, na baadhi yake ikavushwa bahari kuja kuzikwa Zanzibar. Sisemi kwamba msiba ulipungua. Nasema tu kwamba mama wa askari yule, Shaabani ikifika, anajua pa kwenda na jembe lake.

Kwa aliyezikwa mbali, nyumba hufanya linalowezekana: jina lake hutajwa katika hitima pamoja na majina ya babu zake. Nawe, ndugu msomaji uliye kazini Bukoba au Mtwara, u karibu naye kuliko mama yake. Ukipata Jumapili moja ya mapumziko, chukua watoto, mwende mkamzuru.