Mwandishi wa Habari Anapompigia Mwalimu wa Fasihi

Alhamisi ya tarehe 7 Oktoba 2021, saa nane mchana kwa saa za kwetu, Stockholm ilitangaza kuwa Abdulrazak Gurnah ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kabla ya jioni simu yangu ilikuwa ya moto. Wenzangu wa sayansi ya siasa hutafutwa kila uchaguzi, wa uchumi kila bajeti inaposomwa. Mwalimu wa riwaya hukumbukwa mwandishi akifariki au akipata tuzo.

"Shikamoo Dokta, tunaingia hewani sasa hivi. Huyu ni wetu au ni wa Waingereza?"

Swali hilo lina jibu. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, akafundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent. Sheria yetu ya uraia nayo hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Lakini ukiyaeleza hayo yote muda umekwisha, na hakuna kitabu hata kimoja kilichotajwa. Kwa hiyo nilijibu kwa sentensi moja kwamba ni mtoto wa Zanzibar, kisha nikaingia moja kwa moja kwenye Paradise, riwaya iliyofika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker mwaka 1994. Nikamsimulia Yusuf, kijana ambaye baba yake anamkabidhi kwa tajiri mfanyabiashara kwa sababu ya deni, naye akaishia kufuatana na misafara ya kwenda bara. Nikagusia na Afterlives ya 2020, inayohusu askari wa Wajerumani na vita walivyopiganishwa katika ardhi yetu.

Tulipotoka hewani yule mwandishi wa habari hakukata simu. "Baba alimtoa mwanawe kwa deni kweli?" Akataka kujua deni lilikuwa la nini, mama alisema nini, tajiri yule alikuwa mtu wa namna gani. Tulizungumza zaidi ya muda tuliopewa studio. Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii: mtu ametumwa kutafuta uraia, ameondoka na hadithi.

Wapo wenzangu wasiopokea simu hizi, na siwalaumu. Maneno hukatwa katikati, na anayezungumzia siasa hubeba uzito ambao mimi sijawahi kuubeba. Tena cheo hupanda kwa makala za majarida ya kitaaluma, si kwa kipindi cha redio. Hata hivyo naamini mwalimu anayelipwa kwa kodi ya mvuvi na mkulima anawiwa nao maelezo, kwa lugha wanayoielewa.

Mwaka 2022 Mkuki na Nyota walichapa Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Kwangu habari hiyo ilikuwa kubwa kuliko tuzo yenyewe, maana sasa kitabu kingeweza kusomwa na watu wanaosimuliwa ndani yake. Safari hii sikungoja kupigiwa. Nilimtafuta mtayarishaji wa kipindi, akanipa nafasi Jumamosi asubuhi. Wasikilizaji waliuliza bei na duka. Mzee mmoja wa Pangani alitaka tubishane kuhusu njia za misafara, na tukabishana hadi kipindi kikaisha.