Ukiweka akiba, utakatwa msaada?

Leo nataka tuongee juu ya swali ambalo naulizwa karibu kila wiki hapa Bwera: "Kaka, nikisema kama niko na pesa kidogo, si watanikatalia?"

Kwa asiyenifahamu, mimi na familia yangu tulivuka kutoka Kasindi, tukaingia Mpondwe, kisha tukapelekwa Kyaka II. Familia iko huko mpaka leo. Mimi najitolea upande huu wa mpaka, nasaidia wanaofika wapya kwa mambo ya lugha. Wengi wanatoka Beni na vijiji vyake, wanaongea Kinande, na Kinande na Lukonzo cha hapa Kasese ni watoto wa mama mmoja. Mwisho wa mwezi nashuka Kasese mjini kukutana na vijana wengine wa kikundi, na huko pia swali ni lile lile.

Tusidanganyane, si kila anayevuka anakuja mikono mitupu. Kuna aliyeuza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa kabla ya kukimbia. Kuna mama alinivuta pembeni akanionyesha upindo wa kitenge chake: dola hamsini zimeshonwa ndani. Akaniuliza, "Nizitoe ao nizifiche?" Alikuwa anatetemeka, na si kwa baridi. Aliogopa kwamba zile dola hamsini zitamfanya asiwe mkimbizi tena.

Jibu nililompa ndilo nataka kila mtu alishike. Kuna milango miwili, na watu wanaichanganya.

Mlango wa kwanza ni kuwa mkimbizi. Huo haupimwi kwa mfuko. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaangalia ulichokimbia, haiangalii ulichobeba. Sisi tunaotoka Kongo tunapokelewa kwa ujumla kwa sababu ya vita. Na sheria hiyo hiyo inakuruhusu kufanya kazi, kutembea na kuwa na mali yako. Kwa hiyo mama wa dola hamsini ni mkimbizi sawa na yule aliyefika na sufuria moja tu.

Mlango wa pili ni msaada. Huo ndio unapimwa, na kila mwaka kipimo kinazidi kuwa kikali. Wakubwa wanakumbuka rasheni kamili. Mwezi wa nne 2020 WFP, ile tuliyozoea kuiita PAM kule Kongo, ilishuka mpaka asilimia 70. Mwezi wa pili 2021 ikawa asilimia 60. Mwezi wa saba 2023 zikaja kategori: familia za kwanza, zile dhaifu zaidi, kupata asilimia 60 ya rasheni, za pili asilimia 30, za tatu, zinazohesabiwa kuwa zinajiweza, kutopata kitu. Kategori ya kwanza ilikuwa kama asilimia 14 ya watu, ya pili 82, ya tatu 4. Halafu 2025 pesa za wafadhili zikapungua sana, na watu kama milioni moja hapa Uganda wakatolewa kwenye msaada wa chakula.

Sasa mtu akisikia "anayejiweza anatolewa", anajiuliza kitu gani kitamwonyesha kuwa anajiweza. Kuku? Bati? Simu? Na jibu la haraka kwa kila mdomo likawa: sanduku la AVEC.

Mnaijua AVEC. Hapa Uganda wanaiita seving. Watu 15 mpaka 25, sanduku moja la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, kila mtu na kitabu chake cha mihuri. Kila wiki unanunua sehemu yako, unaweza kukopa, na mwisho wa mwaka mnagawana pamoja na faida. Mfumo huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini wakiwa na shirika la CARE, ukatembea Afrika nzima kwa sababu hauhitaji benki wala karatasi nyingi. Pembeni ya akiba kuna mfuko mdogo wa dharura: mtoto akiugua au msiba ukiingia, unasaidiwa usiku huo huo.

Kwa mtaa wetu kule Kyaka II, 2023 uvumi ulikimbia kuliko boda: "Wanaotafuta majina ya kategori ya tatu wataanzia kwenye vitabu vya AVEC." Jirani yetu mmoja, mama wa familia ya watu sita, akatoka kwenye kikundi kabla ya mwaka kuisha. Alikuwa anaweka shilingi 2,000 kwa wiki. Akachukua pesa yake, akaifukia ndani ya gunia la maharage. Mnajua pesa ya ndani ya nyumba inavyoyeyuka: leo sabuni, kesho daftari, keshokutwa mgeni amefika. Baada ya miezi miwili mtoto wake alishikwa na malaria usiku, na degedege juu. Gunia lilikuwa tupu, mfuko wa dharura alishautoka. Ili apate usafiri na dawa, aliuza maharage yakiwa bado shambani, kwa nusu ya bei. Mtoto alipona, asante Mungu. Lakini msimu ule wote familia ilikula deni.

Na kategori yake ilipotoka, ilikuwa ya pili. Sawa kabisa na majirani waliobaki kwenye sanduku.

Sasa tufanye hesabu, juu mimi napenda mambo ya namba. Shilingi 2,000 kwa wiki, kwa wiki 52, ni 104,000. Siku ya kugawana, ukimwona mama anatoka na noti zile mkononi, unaweza kusema huyu ni tajiri. Lakini gawa kwa siku 365: ni shilingi 285 kwa siku. Gawa tena kwa watu sita: haifiki shilingi 50 kwa mtu mmoja. Kwa 50 hata mandazi moja hupati sokoni Mpondwe. Hiyo pesa haikutoka kwenye shibe. Ni chakula cha jioni ambacho mama alikipunguza kila wiki ili mtoto aendelee na masomo au aende hospitali. Mtu akiipima siku ya kugawana, mwezi wa 12, anaona mlima. Akiipima mwezi wa tatu, haoni kitu. Familia ni ile ile.

Ndiyo maana nasema akiba na mapato si kitu kimoja. Mapato yanakuambia mtu anapata nini. Akiba ndogo inakuambia mtu anaogopa nini.

Kuna jambo lingine linalochanganya watu zaidi. Swali "Je, unaweka akiba?" liko na sura mbili. Jumatatu anakuja mtu wa mradi wa mtaji wa biashara, na yeye anataka kusikia "ndiyo", maana ukiwa kwenye kikundi cha akiba unaonekana mtu makini, unapewa nafasi. Alhamisi anakuja mwingine na tableti, anaandika hali ya familia, na hapo kila mtu anajibu "hapana". Mama mmoja, nyumba moja, wiki moja, majibu mawili. Usimwite mwongo. Amejifunza kwamba swali lile lile linaweza kumlisha au kumnyima, na hakuna aliyemweleza leo ni lipi.

Hapa Bwera pia kuna upande wa tatu wa hadithi. Mama yangu mdogo hakwenda kwenye makazi. Alibaki, akapanga chumba, anauza chumvi ya Katwe sokoni Mpondwe siku za Jumanne na Ijumaa, Wakongomani wanavuka wanamnunulia. Rasheni hapati, kwa sababu mgao uko kwenye makazi. Yeye kitabu chake cha akiba anakiweka wazi, hamfichi mtu, na mwaka jana kilimlipia kodi ya chumba miezi minne soko lilipolala. Dada yake kule Kyaka II anaweka kiasi kidogo kuliko yeye lakini anakificha. Tofauti yao si uaminifu. Mmoja hana cha kukatwa, mwingine anacho.

Msidhani ni sisi wakimbizi wa Uganda tu. Ndugu zetu waliopata bahati ya kwenda nje wanakutana na swali hili hili. Marekani kuna msaada unaoitwa SSI, wa wazee na watu wenye ulemavu walio na kipato kidogo au wasio nacho. Mtu mmoja hatakiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000 za akiba na mali inayohesabiwa. Mume na mke dola 3,000. Mpaka huo haujasogea tangu 1989, wakati bei ya kila kitu imepanda. Ukivuka mpaka kidogo tu, msaada unasimama. Kwa hiyo bibi anaogopa hata kumwekea mjukuu pesa kwa jina lake.

Uingereza wamefanya tofauti kidogo. Kwenye Universal Credit, akiba chini ya pauni 6,000 haiguswi. Kuanzia hapo mpaka 16,000, kila pauni 250 inahesabiwa kama mapato ya pauni 4.35 kwa mwezi, kwa hiyo msaada unapungua polepole. Ukizidi 16,000, unatoka. Mtu anaweza kubishana na namba hizo, lakini zimeandikwa, na anayeuliza anajibiwa. Na ile kidogo ya kwanza imeachwa kwa mwenyewe.

Hata hapa Uganda kuna mfano usiopima mfuko kabisa. Raia mwenye miaka 80 anapata shilingi 25,000 kwa mwezi kwenye mpango wa SAGE. Haulizwi ana kuku wangapi wala yuko kwenye kikundi gani. Wanaangalia umri. Ni pesa kidogo, lakini mzee wa Bwera haogopi kuwa na sanduku.

Kwa ninyi wenye fomu na tableti, naomba mambo matatu. La kwanza: kabla ya kuuliza juu ya akiba, semeni jibu litaenda wapi na litafanya kazi gani. Dakika mbili tu. La pili: mkihesabu akiba, hesabuni na deni, na mgawanye kwa watu wa nyumba. La tatu: kuwe na kiasi kidogo kinachojulikana ambacho hakiguswi, kama hakiba ya hospitali na masomo. Mkifanya hivyo mtapata majibu ya kweli, na hesabu zenu zitakuwa nzuri kuliko sasa.

Kwa ninyi vijana wenzangu: msimwambie mama atoke kwenye AVEC kwa sababu ya uvumi. Mkiulizwa swali, ulizeni na ninyi kwa heshima: "Jibu hili ni la mradi gani?" Mkiona familia imewekwa kategori isiyo yake, msikae mkilalamika chini ya mti, kuna dawati la malalamiko na kuna simu ya bure ya FRRM, nendeni na kadi ya familia, elezeni nani yuko ndani ya nyumba na nani anafanya kazi. Na ninyi mnaojua kusoma, muwe mnawasomea wazee matangazo yanayobandikwa, msiwaachie wasikie sokoni.

Yule mama wa kitenge, nilimwambia azitoe dola zake, abadilishe kidogo kwa mahitaji ya njiani na nyingine aziweke vizuri, na akifika kwenye makazi atafute kikundi chenye kufuli tatu. Akaniuliza tena, "Na wakinikata?" Nikamwambia ukweli: rasheni inaweza kupungua hata kwa asiye na kitu, tumeona. Ndiyo maana asibaki na rasheni peke yake.

Kama kwenu mambo yako tofauti, Rwamwanja, Nakivale ama Kyangwali, andikeni hapa chini tujifunze.