Chupa ya Zebaki

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma kitabu. Je, unajua kusoma maji? Unajua kusoma hewa? Mimi ni mwalimu wa elimu ya watu wazima hapa Rhotia. Nina cheti, lakini hayo sikuyajua.

Mwaka mmoja mahindi yalikauka. Mdogo wangu akaenda Geita kuchimba dhahabu ili apate ada ya watoto. Aliporudi alileta kichupa cha zebaki. Zebaki hung'aa kama fedha, lakini hutiririka kama maji. Wachimbaji wadogo huichanganya na mawe yaliyosagwa. Hushikana na chembe za dhahabu. Kisha huchomwa motoni. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki.

Watoto waliimwaga sahanini, wakachezea matone yake. Mimi nilitazama, nikacheka.

Jioni hiyo alifika rafiki niliyesoma naye. Yeye ni mtaalamu wa mazingira. Alifanya kazi migodini, na sasa yuko kwenye miradi ya umeme. Alipoiona sahani hakuketi. "Mwalimu, toa watoto nje! Fungua madirisha!" Aliirudisha zebaki chupani kwa karatasi, akakaza kifuniko. Watoto wakanawa mikono kwa sabuni.

Ndipo akanieleza. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni, ukaharibu ubongo na figo. Kule Minamata, nchini Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Iliingia katika samaki, na watu wakala samaki hao. Ugonjwa wao ulitambuliwa mwaka 1956. Wengi walikufa. Mwaka 2013 mataifa yaliafikiana mkataba wa kupunguza zebaki, wakauita kwa jina la Minamata.

Nilimwuliza, "Basi kazi yako hasa ni nini?"

"Kupima na kuandika," alijibu. "Kabla mgodi haujafunguliwa, napima maji ya mto na ya visima. Mgodi ukianza, napima tena. Nalinganisha. Mto ukibadilika, daftari litasema."

Aliniambia pia juu ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Miradi mikubwa, kama migodi na mitambo ya umeme, lazima ifanyiwe tathmini ya mazingira kabla ya kuanza. Wananchi nao huulizwa maoni yao. "Lakini asiyejua kusoma," alisema, "huweka dole gumba, akaenda zake."

Maneno hayo yalinichoma. Siku iliyofuata tuliandika ubaoni neno ZEBAKI. Darasa zima lilisoma.

Mdogo wangu amerudi Geita, maana ada bado yadaiwa. Safari hii ameahidi kuchomea zebaki ndani ya chombo kilichofungwa, chenye bomba la kunasa mvuke, na mbali na nyumba za watu. Kila anapopiga simu namwuliza habari za mikono yake, kama inatetemeka.

Nawe, ndugu msomaji, una jamaa machimboni? Msomee ukurasa huu.