Kangaga la Amani na Maji ya Tanga

Ufikapo Muheza, mkoani Tanga, usinunue machungwa tu na kuendelea na safari yako. Panda gari liendalo Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Ukishapita Sigi barabara huanza kujipindapinda, joto la pwani hubaki nyuma, na mara wajikuta katika kivuli cha msitu.

Shuka, ufuatane na mwongozaji hadi kando ya kijito. Hapo utaona mmea ambao kwa mbali wafanana na mnazi mchanga: shina jembamba lenye miiba, na kileleni majani mapana yaliyochanika kama manyoya. Huo si mnazi. Ni kangaga la mti, ambalo wataalamu huliita Alsophila manniana. Jani lake changa hutokeza likiwa limejikunja mfano wa mkia wa kinyonga.

Kangaga halina ua, tunda wala mbegu. Chini ya majani yake mna vidoa vyenye vumbi laini lipeperushwalo na upepo. Chembe ya vumbi hilo ikiangukia penye unyevu huota kijimmea bapa, kidogo kama ukucha. Chini ya kijimmea hicho chembe ya kiume huogelea katika maji ili kuifikia ya kike. Pasipo utando huo wa maji hakuna kizazi. Ndiyo maana kangaga hili halibanduki kando ya kijito.

Katika miaka ya 1970 na 1980 miti mingi ya milima hii ilipasuliwa mbao. Wakulima nao walifyeka chini ya miti wapande iliki, zao lililowapatia ada za watoto wao. Miti mikubwa ilipobaki imesimama, mpita njia alidhani msitu u salama. Kumbe kivuli cha chini kilikwisha toweka, na kangaga changa halikuwa na pa kuzaliwa. Mwaka 1997 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani.

Vijito vya Amani huteremka hadi mto Zigi, nao ndio unaowapatia maji wakazi wa jiji la Tanga. Basi, wewe unayefungua bomba mjini, siku ya mapumziko wapeleke watoto wakalione kangaga hilo. Waeleze kwamba wao na mmea ule wanakunywa maji ya kijito kimoja.