Binti Akisema, Baba Aweke Hasira Chini

Sisi tulioishi katika kambi za askari twajua kumsomesha mtoto mpaka chuo kikuu ni kazi ya namna gani. Mshahara hukatwa mkopo wa chama, ng'ombe wa kijijini huuzwa, na mama huamka alfajiri kukaanga mandazi ya kuuza langoni. Siku binti anapopata nafasi chuoni, kambi nzima hushangilia. Kwa sababu hiyo yatupasa tuzungumze bila kuficha juu ya adui mmoja anayemngojea huko, adui asiyevaa sare na asiyebeba silaha ila kalamu.

Nasema juu ya mwalimu au mtumishi wa ofisi anayemdai msichana mwili wake ili ampe haki yake. Njia anayopitia adui huyu ni rahisi. Mwanafunzi hufanya mtihani, lakini matokeo yanapotoka alama za somo moja hazionekani. Bila alama hizo hahitimu. Basi huanza kugonga mlango baada ya mlango, mpaka afike kwa mtu mmoja ambaye neno lake ndilo litakalomaliza shida. Mtu huyo humwambia arudi jioni, wenzake watakapokuwa wameondoka. Vijana wa kiume nao hupatwa na mambo kama hayo, ila wao huona haya zaidi kuyasema.

Nilitumika katika polisi miaka mingi, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa kupokea mashauri ya wanawake na watoto. Nilipokwisha kustaafu, alinijia binti wa sajini mmoja, jirani yetu, aliyekuwa akisoma katika chuo kimoja hapa Kampala. Mwalimu wake alikuwa amemshika kwa nguvu ofisini, na tangu siku hiyo alama zake hazikupatikana. Alikuwa amekaa na siri hiyo miezi mitatu. Nilipomwuliza kwa nini hakumwambia baba yake, alinijibu, "Shangazi, baba ana bunduki. Nikisema, yeye atakwenda jela, na sisi tutatolewa katika nyumba."

Maneno hayo sijayasahau. Watu hudhani msichana hunyamaza kwa sababu hana wa kumtetea. Binti wa askari hunyamaza kwa sababu anaye, naye aogopa namna atakavyotetewa. Amemsikia baba yake akisema mara nyingi mbele ya wageni kwamba atakayemgusa mwanawe atamfyatulia risasi. Baba alidhani anamjengea binti yake ngome, kumbe anamfungia mlango. Na yule mwovu hufaidika, kwa kuwa kimya cha binti ndicho kinga yake.

Tulimwambia baba yule tukiwa watatu: mimi, mkewe, na rafiki yake mmoja wa zamani wa kikosi. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Rafiki yake akamwambia, "Afande, ukienda huko na hasira, kesi itakuwa yako wala si ya mtoto." Siku ya tatu alivaa nguo za kiraia, akampeleka binti yake chuoni, akakaa kwenye benchi nje ya chumba muda wote binti alipokuwa akitoa maelezo. Shauri lilichukua zaidi ya mwaka. Tuliambiwa tungoje, kisha barua zikapotea, kisha tukaambiwa tungoje tena. Mwishowe alama zilionekana na binti akahitimu. Yule mwalimu hakuongezewa mkataba wake, wala hakuna aliyetueleza sababu. Haki haikutimia yote, lakini binti ana shahada yake na baba yake yuko nyumbani.

Mambo haya hayakuanza jana. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922, na wanawake 6 wa kwanza waliingia mwaka 1945. Mpaka wakati huo wito wa chuo ulikuwa wa kuwahimiza wanafunzi wawe wanaume, ukabadilishwa uwe wa kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Kubadilisha wito ni kazi ya siku moja. Kubadilisha tabia ni kazi ya vizazi. Kanuni za chuo za kupinga unyanyasaji wa kijinsia zilitungwa mwaka 2006. Mwaka 2018 ilienea picha iliyopigwa kwa simu, ikimwonyesha mtumishi wa chuo akimdhalilisha mwanafunzi ofisini. Mtumishi huyo alisimamishwa kazi akafikishwa mahakamani. Mwaka huo huo chuo kiliunda kamati ya uchunguzi chini ya Profesa Sylvia Tamale, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuongoza kitivo cha sheria hapo. Baadaye iliwekwa orodha ya watu 100, ili kamati za kuchunguza malalamiko zichaguliwe humo.

Jirani zetu wa Tanzania walifunzwa na msiba. Februari 1990 msichana wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kuandamwa na wanafunzi wenzake, waliojificha nyuma ya gazeti la ukutani lililoitwa Mzee Punch. Wanawake waandishi wa habari wa TAMWA, chama kilichoanzishwa mwaka 1987, walilipigia kelele jambo hilo. Leo sheria ya Tanzania ya kupambana na rushwa, ya mwaka 2007, huhesabu kudai ngono kwa kutumia madaraka kuwa rushwa. Hapa kwetu, kumshika mwanamke kwa aibu bila ridhaa yake ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 14.

Basi mzazi afanye nini binti yake asemapo? Kwanza asikilize mpaka mwisho, asiulize alivaa nini wala alikwenda huko kufanya nini. Pili, ikiwa ameingiliwa kwa nguvu, apelekwe hospitali upesi kabla ya kuoga. Dawa za kuzuia maambukizo ya Ukimwi hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na ni heri zaidi zikianzwa siku ile ile. Nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, wala zisifuliwe. Polisi watampa Fomu namba 3, ambayo mganga huijaza. Lakini tiba isingoje karatasi. Tatu, aandike yote akiyakumbuka: tarehe, saa, chumba, na aliyemwona akiingia au akitoka. Ujumbe wa simu usifutwe hata ukiwa wa kuchukiza, kwa kuwa huo ni shahidi asiyesahau. Nne, malalamiko yapelekwe chuoni kwa maandishi, nakala ibaki nyumbani. Akihitaji mwanasheria, chama cha mawakili wanawake, FIDA, kilichoanzishwa nchini mwaka 1974, huwasaidia wanawake wasio na uwezo. Tano, asiachwe peke yake. Usingizi ukimpotea, au akianza kusema kwamba kuishi hakuna faida, atafutiwe mshauri au mganga siku hiyo hiyo.

Nanyi wadogo zangu mnaokaa mezani vituoni, nina neno kwenu. Msichana akifika, msimwulize shida yake mbele ya watu wanaongoja kwenye benchi. Mpeni chumba, na mwiteni askari mwanamke akimtaka. Msimcheke. Mkimwambia arudi kesho, huenda asirudi kamwe. Amepita milango mingi mpaka kufika kwenu, na kwa wengi wao mlango wenu ndio wa mwisho.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini tusiwalaumu watoto kwa kuficha, kabla ya kujiuliza tumewapa nafasi gani ya kusema. Baba askari, jioni hii ukiketi mezani pamoja na binti yako, usimwambie kwamba utaua mtu kwa ajili yake. Mwambie kwamba lolote likimpata utamsikiliza, kisha utakwenda naye. Ahadi hiyo ndiyo itakayomfanya aje kwako kwanza.