Nyoka wa Mwanangu

Sisi tuliokulia Morogoro tulifundishwa kwamba nyoka akiingia nyumbani huitwa wanaume wenye fimbo. Fikiri, basi, mshangao wangu pale mwanangu wa miaka 12, aliyezaliwa huku Ohio, Marekani, aliponiomba nimnunulie nyoka wa kufuga. Tena si nyoka yeyote, bali albino.

Baada ya ubishi wa majuma mengi nilikubali, tukaenda kwa mfugaji mmoja. Alituonyesha wale waitwao huku nyoka wa mahindi, ambao hawana sumu, hukua kufikia kiasi cha mita moja na nusu, na wakitunzwa vema huweza kuishi miaka 20. Nilidhani albino atakuwa mweupe kama karatasi. La! Alikuwa na rangi ya chungwa iliyokolea, na macho mekundu. Kumbe kinachokosekana ni ule weusi tu, yaani melanini. Wekundu na umanjano husalia. Dume mmoja wa namna hiyo alikamatwa North Carolina mwaka 1953, na mwaka 1961 uzao wake ukatoa albino wengine. Urithi huo hujificha: wazazi wawili wa rangi ya kawaida wakiubeba, kila yai lina nafasi moja kati ya nne.

Mwanangu alikwisha mchagua yule aliyewaka kuliko wote. Mimi nilinyamaza, maana nilimkumbuka dada yangu. Dada yangu ana ualbino. Shuleni kila mtu aliitazama ngozi yake, lakini hakuna aliyeuliza kama macho yake yaliona ubaoni. Alikalishwa nyuma, kando ya dirisha lenye jua kali, akahesabiwa kuwa mzito wa kuelewa. Sisemi kwamba mtu ni sawa na nyoka, hasha! Nasema kwamba jicho likikomea kwenye rangi, haja iliyo chini yake haionekani.

Basi nikauliza, “Huyu alikula lini?” Mfugaji akakiri kwamba alikuwa amekataa panya mara tatu. Kando yake alikuwapo albino mwingine, rangi yake imefifia, ila amekula vizuri, pua zake kavu, na gamba amelivua zima. Tukamchukua huyo. Hata rangi hiyo haikudumu: kadiri alivyokua, umanjano ulizidi.

Jioni ile mwanangu alimpigia simu shangazi yake kumpa habari. Shangazi alicheka sana, kisha akauliza, “Taa mmeiweka wapi? Macho ya namna hiyo huumizwa na mwanga.” Mtoto akaenda mara moja kuihamisha.

Mzazi mwenzangu, wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwanao akichagua kiumbe kwa rangi, usimkemee. Mfundishe tu kuuliza swali la pili.