Madonge ya Bundi na Mafunzo ya Utafiti

Twafundisha Biolojia kwa chaki na ubao, kisha twalalamika kwamba wanachuo hawana moyo wa utafiti. Moyo huo huamshwa na swali lenye uzito kwa mwenye kuliuliza.

Mwanachuo wangu mmoja alilipata swali lake katika ghala kuukuu lililokuwa na bundi darini. Wanakijiji walitaka ndege huyo auawe, maana walimhesabu kuwa wa mkosi, na mwanachuo mwenyewe alimwogopa. Nilimtaka achunguze jambo moja tu: bundi huyu anakula nini?

Bundi humeza mawindo madogo mazimamazima, kisha hutapika madonge ya manyoya na mifupa isiyosagika. Kwa majuma manane binti huyo aliyaokota, akayaloweka majini na kutenga mafuvu. Alimtambua panya kwa meno yake marefu ya mbele yenye pengo nyuma yake. Kirukanjia hana pengo hilo. Mafuvu mengi yalikuwa ya panya.

Alipowaonyesha wazee, mmoja aliuliza, "Mjukuu wangu, basi bundi haleti kifo?"

"Babu, mifupa hii yaonyesha alichokula tu. Hilo jingine sikulipima."

Wazee wakakubali bundi aachwe hadi mavuno, mradi hesabu iendelee. Nami niliona kwamba mwalimu amekwisha kuzaliwa. Walimu wenzangu, tuwape wanafunzi vitu vya kuhesabu kwa mikono yao, na tuwazoeze kunyamaza pale ushahidi wao unapokoma.